Picha za Ajali Zisifichwe

Tarehe 2 Oktoba 2023, jijini San Francisco, Marekani, mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara. Gari lililoendeshwa na mtu likamgonga na kumrusha mbele ya teksi ya kampuni ya Cruise isiyo na dereva. Teksi ikamgonga, ikasimama. Kisha ikaondoka tena kujisogeza pembeni, mwanamke yule akiwa bado chini yake, ikamburuta takriban mita 6.

Dereva mwenye akili timamu angeshuka kwanza atazame.

Lakini kilichonikera zaidi ni kilichofuata. Magari yasiyo na dereva yana kamera pande zote, hurekodi kila mpita njia, apende asipende, na polisi wa jiji hilo wamewahi kudai picha zake kwa ajili ya upelelezi. Pamoja na hayo yote, ripoti ya Cruise kwa mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani haikutaja kwamba mtu aliburutwa. Mwaka 2024 kampuni ikakiri kutoa ripoti ya uongo, ikatozwa faini ya dola 500,000.

Kampuni inayoturekodi bila idhini yetu haistahili kuachiwa ichague kipi kionekane. Serikali zinazofikiria kuyaruhusu magari haya ziweke kwanza sheria: picha za ajali zikabidhiwe kwa wachunguzi zote, bila kukatwa.