Penye Hamu Pana Elimu
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Tinde)



Katika vyama vingi vya msingi husikika lalamiko moja, kwamba wanachama hawapendi kujifunza. Semina ikiitishwa, nusu ya viti hubaki vitupu. Vijitabu vya mafunzo vikigawiwa, huishia kufungia vitumbua. Yafaa lalamiko hilo lichunguzwe kabla halijakubaliwa. Mtu yule yule anayesinzia kwenye semina ndiye ajuaye, bila ya kufundishwa darasani, ukoo wa kila ng'ombe aliye zizini mwake, na ndiye ajuaye udongo upi wa mbuga utafaa mpunga na upi wa kichanga utafaa viazi. Mtu huyo si mvivu wa kujifunza. Amekwisha kujifunza mengi, ila alijifunza yale yaliyomgusa.

Usukumani jambo hili lilieleweka tangu kale. Kijana aliyevutwa na nyoka hakuachwa acheze nao peke yake hata wamdhuru. Alijiunga na Bayeye, chama cha wacheza nyoka, akafundishwa na waliomtangulia namna ya kuwakamata na dawa za kutibu waliogongwa. Hamu yake ilikuwa yake mwenyewe. Lakini jirani alipoumwa na nyoka shambani, ujuzi huo ulikuwa wa kijiji kizima. Hapo pana mambo matatu: hamu ya mtu mmoja, chama kilichoipokea, na faida iliyowafikia wengine.

Ushirika wa pamba katika nchi hii ya Ziwa nao ulikua kwa njia iyo hiyo. Wakulima wa miaka ya 1940 hawakuanza kwa kutaka elimu ya ushirika. Walitaka kujua kama mizani ya mnunuzi inasema kweli. Jambo hilo halikuwa dogo. Mizani ikipunja kilo 2 katika kila mzigo, mkulima mwenye mizigo 15 hupoteza kilo 30, nazo ni jasho la siku nyingi za palizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, ili mzigo upimwe na mtu wao kabla haujapimwa na mnunuzi. Kutokana na swali la mizani yakazuka maswali ya bei, ya daraja la pamba, na ya nani amiliki kiwanda cha kuchambulia. Marehemu Paul Bomani, aliyepata kuajiriwa katika mgodi wa almasi wa Mwadui mkoani Shinyanga, alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati hizo. Mwaka 1953 alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Na mwaka 1955 vyama vya wakulima vilipounda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, yeye akawa meneja wake mkuu. Safari hiyo ndefu ilianzia kwenye mshale wa mizani.

Mfano wa pili ni wa elimu ya watu wazima. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968 Serikali, ikisaidiwa na UNESCO, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, makao yake yakiwa Mwanza. Waliouongoza hawakumpa mkulima kitabu cha mtoto wa shule. Walitunga vitabu vya kisomo kwa kufuata kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa habari za pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi, mfugaji kwa habari za mifugo. Walimu wengi walikuwa wanavijiji wa kujitolea, ambao nao walikuwa wakijifunza kadiri walivyofundisha. Mradi ulimalizika mwaka 1972, na njia zake zikaingia katika kampeni ya taifa zima. Mtihani wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi 39 katika kila 100.

Ili wasomaji wapya wasisahau, mwaka 1974 lilianza kutolewa Mwanza gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho, na vijiji vikafunguliwa maktaba. Lakini katika miaka iliyofuata magazeti na vitabu viliadimika vijijini, na wengi waliokuwa wamejua kusoma wakarudi nyuma. Hili ni onyo. Hamu hufungua mlango wa elimu. Isipopata chombo cha kuilisha na watu wa kuambiana, mlango hujifunga tena.

Waanzilishi wa ushirika walilijua jambo hilo. Wale wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, hawakuridhika na kuuza unga na siagi. Waliweka chumba cha kusomea, na baadaye wakatenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Ndiyo maana elimu ingali miongoni mwa kanuni za ushirika duniani.

Basi, Katibu wa chama cha msingi afanye nini? Kwanza, awajue wanachama wake kwa yale wanayoyapenda, si kwa idadi ya hisa zao tu. Yuko apendaye hesabu, yuko apendaye kujaribu mbegu, yuko apendaye nyuki, yuko kijana ambaye simu haimtoki mkononi. Pili, kila hamu ipewe kazi. Mpenda hesabu asimame karibu na mizani na kuwasomea wenziwe stakabadhi zao; mpenda mbegu apewe dakika 15 katika mkutano aeleze alichokiona shambani; kijana wa simu atafute bei na taarifa za hali ya hewa, azibandike ofisini. Tatu, yanayosemwa yaandikwe katika daftari la chama, ili mwenye ujuzi akihama au akifariki, ujuzi wake usizikwe naye.

Huenda Katibu mwingine akahofu kwamba mwanachama aliyejua hesabu atakuja kuhoji vitabu. Na ahoji. Chama ambacho hesabu zake zinaeleweka na mtu mmoja tu kimo hatarini, hata kama mtu huyo ni mwaminifu. Kwani siku atakapougua hakuna atakayejua nani anadai nini, na siku atakaposingiziwa hakuna atakayeweza kumtetea kwa tarakimu. Wanachama wanaojua kusoma vitabu ni ngao ya Katibu mwema.

Tinde ni njia panda. Magari yatokayo Nzega hugawanyika hapa, mengine yakishika njia ya Shinyanga na Mwanza, mengine ya Isaka na Kahama. Ujuzi nao ndivyo uwavyo ukifika penye chama kilicho hai: hauishi pale ulipofikia, bali hushika njia nyingi. Kazi ya Katibu ni kuhakikisha kwamba haukwami mlangoni pake.