Wimbo Nao Ni Kazi ya Mtu
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Halmashauri ya tawi ilituomba tuseme machache juu ya nyimbo zinazochukuliwa bure katika intaneti. Wako wenzetu walionong'ona kwamba jambo hili halituhusu, maana sisi ni watu wa reli, si wapiga gitaa. Twawaomba wavumilie. Mtu aliyekesha akitunga wimbo, akalipa studio kwa fedha yake, akawalipa na wenzake waliompigia vyombo, huyo amefanya kazi. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kumwambia, "Hatukujui."

Kwanza tueleze jinsi mambo yaendavyo, maana wengine husema "intaneti imeiba" kana kwamba intaneti ni jini. Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Shawn Fanning, alianzisha Napster. Nyimbo zenyewe hazikuwa kwake, zilikuwa ndani ya mashine za watu majumbani mwao. Yeye alikuwa na orodha tu, ya kuonyesha nani ana wimbo gani. Kwa lugha yetu ya reli, alikuwa na kibanda cha ishara: mabehewa ni ya wengine, lakini hakuna gari lipitalo bila yeye. Makampuni ya santuri yakamshitaki, na mwaka 2001 mahakama ikawapa haki. Kibanda kikafungwa na magari yote yakasimama.

Wenye makampuni walifurahi, lakini si kwa siku nyingi. Ikaja njia nyingine iitwayo BitTorrent. Hapa wimbo hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila anayeupokea huwagawia wengine vipande alivyokwisha kupata. Kipande kimoja chaweza kutoka kwa mtu wa Mombasa, na kingine kwa mtu wa London. Hapana bohari moja wala kibanda kimoja cha kutia kufuli. The Pirate Bay, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2003, ilikuwa kama ubao wa matangazo pale stesheni, wa kukuambia mzigo uko upande gani. Polisi waliivamia mwezi wa Mei 2006 wakachukua mashine. Baada ya siku chache tu ikafunguka tena. Mwaka 2009 mahakama ya Stockholm iliwahukumu watu wanne kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja, na fidia ya kroni milioni 30. Katika rufani ya mwaka 2010 vifungo vya watatu vilipunguzwa, lakini fidia ikapandishwa hata kroni milioni 46. Walijitetea kwamba hawakuwa na wimbo hata mmoja kwao. Mahakama ikasema kumsaidia mkosaji nako ni kosa. Sisi twaona ilisema kweli, maana ubao ule ulikuwa na matangazo ya biashara, na fedha ya matangazo haikumfikia mwimbaji.

Lakini sasa ndugu zangu, fungueni macho, maana si kila apigaye kelele "Mwizi!" ni rafiki wa aliyeibiwa.

Kuanzia mwaka 2003 makampuni ya santuri ya Marekani yaliacha kushitaki wenye vibanda peke yao, yakaanza kushitaki watu wa kawaida, maelfu kwa maelfu. Mama mmoja wa jimbo la Minnesota alifikishwa mahakamani kwa nyimbo 24. Siku zile wimbo mmoja uliuzwa katika intaneti kwa senti 99 za dola, basi nyimbo zote hazikufika dola 24. Baraza la mahakama la mwaka 2007 lilimwamuru alipe dola 222,000. Kesi ikasikizwa upya mwaka 2009, ikawa dola 1,920,000, yaani dola 80,000 kwa kila wimbo! Mara ya tatu, mwaka 2010, ikawa dola 1,500,000. Mwisho, mwaka 2012, mahakama ya rufani ikarudisha dola 222,000. Mfanya kazi gani hapa ataweza kulipa deni kama hilo kwa mshahara? Nao walioshitaki walikuwa makampuni. Yule aliyepiga tarumbeta nyuma ya mwimbaji hakuwamo katika kesi.

Tena wizi wa nyimbo haukuanza na intaneti. Solomon Linda wa Afrika Kusini alikuwa mfanya kazi katika kiwanda cha santuri cha Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 alirekodi "Mbube", akauza haki yake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia nzima kwa jina la Kiingereza, ukaingizwa hata katika senema, naye akafa maskini mwaka 1962. Watoto wake walipata mapatano mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Huyu hakuibiwa na kijana mwenye simu. Aliibiwa kwa karatasi na kalamu, na kila kitu kilionekana halali.

Turudi kwetu Kenya. Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 2001. Mwaka 2019 iliongezwa maneno: mwenye kazi aweza kuiandikia notisi kampuni inayobeba intaneti, ili ifunge njia ya kazi iliyochukuliwa bila ruhusa, na anayelaumiwa naye ana nafasi ya kujibu. Hii ni njia bora kuliko ile ya Minnesota, maana hufunga mlango bila kumvunja mtu mgongo.

Mwaka 2022 ikaja sheria nyingine, juu ya zile nyimbo zinazosikika mtu anapokupigia simu. Katika kila shilingi 100, mwenye wimbo apate si chini ya 52, kampuni ya simu 39 na nusu, na mtu wa katikati 8 na nusu. Ninyi mliokaa katika mazungumzo ya mishahara mwajua thamani ya kitu kama hicho. Hesabu ikiandikwa, mtu aweza kuuliza, "Langu liko wapi?" Isipoandikwa, huambiwa angoje mwezi ujao.

Mtoto wa mwenzetu mmoja wa karakana ni mpiga gitaa. Juzi alikuta wimbo wake unauzwa katika kibanda cha kujazia watu nyimbo kwenye flashi, pamoja na nyimbo mia za wengine. Alipouliza, mwenye kibanda alimwambia ashukuru kwa kutangazwa. Shukrani hiyo haikulipa nauli yake ya kurudi nyumbani. Je, msimamizi akituambia tufanye kazi ya ziada ili tutangazwe, tungemjibu nini?

Basi hoja yetu ni hii. Katika dansi ya tawi ya mwisho wa mwaka tusikodi mtu wa flashi. Tukodi bendi, tuandikiane mkataba, na fedha ilipwe usiku ule ule kabla vyombo havijafungwa. Mwenye kutaka kurekodi kwa simu na kusambaza awaulize kwanza wenye bendi. Mweka hazina amekwisha kunong'ona kwamba bendi ni ghali. Ndugu Mwenyekiti, hoja iko mezani. Mwenye kuipinga asimame aseme.