Mashine za Shamba la Mkonge
(Maneno waliyoambiwa wanachama katika mkutano wa tawi)



Shamba lile la zamani la mkonge upande wa Thika wengi wenu mwalijua. Kiwanda kimesimama miaka mingi, mabati yametoboka, na mashine zimefunikwa na majani. Sasa wanunuzi wa vyuma chakavu wameanza kupita na kukadiria uzito. Twataka kusema habari ya mashine hizo, maana vijana wetu wanaziona kama takataka tu.

Kubwa kuliko zote ni korona. Jina hilo lilitokana na mashine za Krupp wa Ujerumani. Robey wa Lincoln, Uingereza, naye alitengeneza za kwake. Wakataji walifunga majani mafungu ya 30, yakaletwa kwa matoroli ya reli ndogo, kisha walishaji wakayapanga kwa mkono juu ya kamba zilizoyapeleka ndani. Huko gurudumu lenye visu butu lilizunguka kwa kasi na kuponda nyama ya jani, maji yakiosha. Katika kilo 100 za majani zilipatikana kilo 4 hivi za nyuzi kavu. Basi robota moja la kilo 250 lilitaka tani 6 za majani, na hakuna hata jani moja lililojikata lenyewe.

Kando yake ipo injini ya dizeli, na nyuma ya injini boila ya kuni iliyotangulia. Mkanda wa injini ulipita wazi, bila kizuizi chochote, mahali ambapo watu walipita na mizigo. Tena iko mashine ya brashi. Ni ndogo, lakini sisi ndiyo tunayoichukia zaidi, kwa sababu vumbi lake liliingia vifuani mwa watu na hapakuwa na kitambaa cha kufunika pua.

Bei ya mkonge ilipanda sana wakati wa vita vya Korea, 1950 hadi 1953, ikapanda tena mwaka 1963. Halafu nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na mashamba mengi yakaachwa. Si yote: huko Mwatate na Vipingo mkonge unaendelea.

Sasa shauri lenyewe. Kiwanda kilipofungwa, mwenye shamba alibakiza walinzi na wafyeka majani. Hao wanadai mishahara ya miezi 5. Tumemwandikia kwamba chuma kisitoke kabla ya mishahara kulipwa. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaweka mishahara ya wafanyakazi mbele ya madeni ya kawaida, ingawa kwa kiasi chenye mpaka. Lakini ikiwa vyuma vimekwisha kuuzwa kimya kimya, mtalipwa kwa nini? Kwa kutu?

Na hatari nyingine iko kwa walinzi. Chuma kikipotea usiku, wa kwanza kuulizwa ni mlinzi, hata kama lori liliingia kwa ruhusa ya tajiri wake. Kwa hiyo tumeandika orodha ya kila kitu kilichopo: korona, injini, boila, mashine ya kubana marobota, matoroli 11 na reli zake. Nakala moja imebaki tawini. Mnunuzi akija, mlinzi aombe kuona leseni, kwa kuwa Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka awe nayo. Aandike namba ya lori, siku na saa, na jina la aliyetoa ruhusa.

Watoto wasicheze kwenye boila. Sakafu chini yake imeoza, na shimo la maji ni refu.

Wanaodai wasingoje. Madai ya kazi yana muda wake, nao ni miaka 3 tu. Leteni kadi ya chama, barua ya kuandikwa kazi, na karatasi yoyote ya mshahara. Asiyekuwa na karatasi aje na mwenzake waliyefanya kazi pamoja. Karani atakuwa ofisini Jumamosi hii, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana.