MDUDU ALAYE FURAHA YA MTU

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa machimbo mbele ya ndugu wa Kasongo na Kabambare



Vijana hupenda kusimuliana hadithi ya mdudu wa kubuni aingiaye ndani ya mtu, akala furaha yake, akala huzuni yake na hasira yake, hata mtu akabaki ganda tupu. Ni hadithi ya kutishana usiku. Lakini leo twataka kuwaambia ya kwamba mdudu aliye karibu sana na huyo yuko kweli, tena hatoki mbali. Hupita mitoni petu, na ugonjwa wake mnaujua kwa jina: malale, ugonjwa wa usingizi.

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hupenda kivuli cha miti kando ya maji. Ndipo mama zetu wanapochota maji na kuloweka mihogo, ndipo wavuvi wanapofunga mitumbwi, ndipo wachimbaji wanaposafisha mchanga miguu yao ikiwa majini tangu asubuhi. Mbung'o akimwuma mgonjwa humeza vidudu pamoja na damu, na baada ya majuma machache aweza kumpa mtu mzima.

Mdudu huyo akiisha kuingia katika damu hubadili kanzu kila mara. Nguvu za mwili zikijifunza kumtambua kwa kanzu ya jana, leo amevaa nyingine. Hivyo aweza kukaa miezi, hata miaka, na mtu haoni ila homa ya kuja na kuondoka, kichwa kuuma, mwili kuwasha, na tezi kuvimba nyuma ya shingo. Tezi hizo daktari Winterbottom aliziandika katika kitabu mwaka 1803, baada ya kukaa Afrika ya Magharibi. Wafanya biashara ya watumwa nao walizijua, wakakataa kumnunua mtu mwenye shingo ya namna ile.

Halafu mdudu huingia katika ubongo. Hapo ndipo hadithi ya vijana inapofanana na kweli. Mtu hulala mchana na kukesha usiku. Mpole huwa mkali, mcheshi hunyamaza. Huyu hucheka penye msiba, yule hulia pasipo sababu. Baba huwapiga watoto aliowapenda. Mama huacha chungu kikaungua, wala hamtaki tena mtoto wake mgongoni. Asiyetibiwa, mwisho wake karibu kila mara ni kufa.

Na watu husema nini? Kazini, msimamizi akimkuta amesinzia juu ya koleo lake huandika: mvivu. Nyumbani husema: amerogwa. Majirani husema: mchawi ni yeye mwenyewe, kwani usiku halali. Mke hurudi kwao, ndugu hugawana mbuzi, na mgonjwa huambiwa aondoke kijijini.

Basi sikilizeni neno letu. Mdudu yule hali furaha wala hali huzuni. Wataalamu wamechunguza chakula chake wakakijua: ni sukari iliyomo katika damu. Furaha ya mgonjwa huharibika kama shamba linavyoharibika nguruwe akipita kutafuta mihogo. Lakini jina la mgonjwa, heshima yake, mahali pake barazani, hayo mdudu hayagusi. Hayo twayala sisi watu. Tena kumfukuza hakuponyi kijiji. Ni kuuchukua ugonjwa kwa miguu ya mgonjwa mpaka mto mwingine, ambako mbung'o wengine wanangoja.

Mtu asiseme haya ni maneno ya jana. Daktari Dutton wa Liverpool, aliyempa mdudu huyu wa Gambia jina lake mwaka 1902, alikuja Congo mwaka 1903 kuutafuta ugonjwa huo huo. Alifia hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ya kimputu, akiwa na miaka 30. Elimu ipo tangu zamani. Kilichopungua ni kuifikisha mlangoni mwa mtu kwa lugha anayoielewa.

Wakati wa Wabelgiji ilifikishwa kwa amri. Watu walipangwa mistari, shingo zikashikwa moja moja, wenye tezi wakachomwa sindano. Wagonjwa wengi walitiwa lazareti mbali na jamaa zao, na kusafiri kulitaka hati ya daktari. Wengine walikimbilia porini. Ugonjwa ulipungua, hatukatai: katikati ya miaka ya 1960 walioandikwa katika Afrika nzima hawakufika 5,000 kwa mwaka. Lakini walioshikwa shingo hawakuelezwa, na asiyeelezwa hawezi kuwaeleza watoto wake. Vita na taabu zikaja, makundi ya kupima damu yakaacha kupita. Mwaka 1998 walioandikwa Afrika nzima walikaribia 40,000, na zaidi ya 26,000 kati yao walikuwa wa Congo.

Kazi ikaanzwa tena, na mwaka 2018 walioandikwa hawakufika 1,000. Hesabu hiyo inafurahisha, nayo inatisha, kwani ugonjwa ukiwa haba watu huusahau, na mgonjwa mmoja aliyefichwa atosha kuwasha moto upya.

Mnaogopa dawa? Wazee wanayo haki ya kuogopa. Arsobali ya zamani ilikuwa na sumu ya arseniki; katika wagonjwa 100, kama 5 waliuawa na dawa yenyewe. Lakini mwaka 2009 dawa mbili zilizochanganywa zilianza kushika mahali pake. Na Desemba 2018 serikali ya Congo ilikubali feksinidazoli: vidonge vya kumeza kila siku baada ya kula, kwa siku 10. Watoto wadogo, na wale ambao ubongo wao umeshambuliwa sana, hutibiwa kwa njia nyingine. Dawa hizi hutolewa bure. Na wengi wanaotibiwa mapema hurudia hali yao: hulala usiku, huamka asubuhi, huuliza habari za watoto.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, mtu akibadilika tabia, kabla ya kutaja uchawi, mshikeni mkono mkampime damu. Pili, makundi ya kupima yakifika, tokeni wote, hata wazima, kwani mzima wa leo aweza kuwa na mdudu wa mwaka jana. Tatu, aliyepona arudishiwe mahali pake: kazi yake, nyumba yake, neno lake barazani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza: amfukuzaye mgonjwa naye ameficha maradhi.

Zamani tulishikwa shingo kwa nguvu. Leo twendeni wenyewe kwa miguu yetu, na yule ndugu aliyenyamaza nyuma ya nyumba twende naye.