Diski za Zamani Kabatini

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kilicholala katika ofisi nyingi za makanisa yetu, shuleni, na hata majumbani. Fungua kabati la karani, na nyuma ya vitabu vya hesabu huenda ukakuta kasha la diski za zamani za kompyuta. Nyingine ni flopi za mraba, nyingine ni sidii zing'aazo kama kioo. Siku ya usafi ifikapo, swali huwa lile lile: tuzitupe, au tuziweke?

Vijana wetu huenda wakashangaa kwa nini ziko nyingi hivyo. Zamani programu haikuja kwa intaneti. Ilinunuliwa ndani ya kasha. Flopi ya inchi 3.5 iliyotumika sana ilibeba megabaiti 1.44 tu. Ndiyo maana Windows 95, iliyotolewa mwaka wa 1995, ilipouzwa kwa flopi ilijaza diski 13. Sidii moja ilibeba megabaiti 650 hivi. Lakini leo kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuiingiza.

Basi tusikate shauri kwa haraka. Na tuzigawe diski hizo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile zenye maandishi yetu wenyewe: majina ya waliobatizwa, ndoa zilizofungwa, kumbukumbu za mikutano ya wazee, hesabu za sadaka na za ujenzi. Hizi si za kutupwa. Kipo kifaa kidogo cha kusomea flopi kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya, na vivyo hivyo kwa sidii. Tuyanakili maandishi hayo mahali pawili, na yaliyo makubwa tuyachape kwenye karatasi. Tusingoje. Flopi ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa madini yashikayo sumaku, na unyevu na ukungu huuharibu. Sidii zilizoandikiwa ofisini nazo huhifadhi maneno katika tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga wa jua.

Fungu la pili ni diski za programu zilizo kama ufunguo. Programu za zamani, kama WordPerfect ya barua na Lotus 1-2-3 ya hesabu, kila moja iliandika kwa namna yake. Faili laweza kuwapo zima, lakini asiyekuwa na ufunguo haoni ila alama zisizosomeka.

Kumbukeni habari za Mfalme Yosia. Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake, nyumba ya Mungu ilipokuwa ikitengenezwa, kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati. Akampa Shafani mwandishi, naye Shafani akakisoma mbele ya mfalme, na taifa zima likaguswa. Angalieni, ndugu: kukiona kitabu peke yake hakungetosha. Alihitajiwa mtu awezaye kukisoma.

Kwa hiyo, kabla ya kuitupa diski ya programu, tujiulize: je, tunalo faili lolote lililoandikwa kwayo? Kama lipo, tujaribu kulifungua kwa LibreOffice, programu ipatikanayo bure, ambayo husoma mafaili mengi ya WordPerfect na ya Lotus. Likifunguka, tulihifadhi upya kwa namna ya siku hizi, tukilinganisha tarakimu moja moja. Lisipofunguka, diski ile na iwekwe, pamoja na karatasi yenye namba yake, kwa maana programu nyingi hukataa kuingia pasipo namba hiyo.

Fungu la tatu ni mabaki: programu za mashine za kuchapia zilizokwisha kufa, za kuzuia virusi vya miaka iliyopita, na michezo. Hizi zaweza kwenda. Tena tusizipeleke kwa shule maskini tukidhani tumetoa sadaka. Windows XP, kwa mfano, iliachwa na waliyoitengeneza tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta inayoitumia ikiunganishwa na intaneti ni nyumba isiyo na komeo.

Lakini kutupa nako kuna adabu yake. Flopi yenye siri za watu, kama barua za mashauri ya ndoa, isitupwe jaani ikiwa nzima. Ikiisha kunakiliwa, ibanduliwe ganda, utando wa ndani ukatwe kwa mkasi. Sidii ikwaruzwe sana kwa msumari upande wenye maandishi ya juu, maana tabaka lishikalo maneno liko hapo chini ya rangi. Kisha ifungwe kwa kitambaa na kuvunjwa, vipande visirukie macho.

Wala tusizichome moto. Ni plastiki, na moshi wake ni mbaya kwa vifua vya watoto wachezao karibu. Afadhali tuzikusanye na kuzipeleka kwa wakusanyao taka za vyombo vya umeme, baada ya kuwauliza kama wanapokea diski. Wakulima wengine hufunga sidii kwenye shamba la mtama ili mng'ao wake uwatishe ndege. Si vibaya, mradi isiwe na siri za mtu, na mavuno yakiisha zitolewe, zisivunjikevunjike udongoni.

Wasikilizaji, jambo hili si la vyombo tu, ni la watu. Siku moja mjane atafika ofisini akiomba ushahidi wa ndoa aliyofunga miaka 25 iliyopita, kwa kuwa ndugu za marehemu wanamkana na shamba liko hatarini. Jina lake limo katika diski ile iliyo nyuma ya kabati. Je, tutaweza kumsomea? Wazee na wakae na karani juma hili, na kijana mmoja ajuaye kompyuta, wafungue kasha lile. Kilichokabidhiwa kwetu si chetu, tumewekwa kukitunza.

Mpaka tukutane tena, kwaherini, na Bwana awe nanyi.