LIVU NA SAFARI YA MCHANA KWENDA MOMBASA

(Maneno aliyosema ndugu mmoja katika mkutano wa tawi)



Nimetakiwa niseme juu ya safari ya livu. Sheria ya 2007 yatupa siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, na wengi wetu tunazimaliza nyumbani tukipiga lipu ukuta. Siukatai ukuta. Lakini mwaka jana mimi na mama watoto tuliazimu watoto waione nchi yao kwa treni, toka Nairobi mpaka Mombasa, kilomita 472.

Nilikosea tangu mwanzo. Nilikata tikiti za treni ya usiku, ya saa nne, nikihesabu kuwa nimeokoa pesa za malazi. Watoto wakabandika pua kwenye kioo, wakaona nyuso zao wenyewe. Tsavo yote ikapita gizani. Mdogo akauliza, "Baba, ndovu wako wapi?" Nikamwambia wamelala. Shilingi elfu tisa kwenda na kurudi, na ndovu wamelala!

Basi sikieni. Pandeni treni ya asubuhi, ya saa mbili, inayosimama njiani Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Hiyo ya mchana nayo si mbaya, ila giza huikuta kabla ya pwani. Mwombeni karani viti vya dirishani upande wa kulia. Huko Emali, kama hakuna mawingu, Kilimanjaro uko upande huo, kisha yaja milima ya Chyulu. Ukipita Mtito Andei, pisheni wenzenu wa upande wa pili nao watazame, maana ndovu hawana upande. Wanaonekana wekundu kwa udongo wa kule. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake zimeachwa njia pana wanyama wapite.

Kwenye daraja la Tsavo waambieni watoto habari za wafanyakazi. Hapo mwaka 1898 simba waliwala watu waliokuwa wakijenga reli ya kwanza, ile iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Waliletwa watu wapata 32,000 toka Bara Hindi, na karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Simba wameandikiwa vitabu na kuchezewa sinema. Hao waliokufa kwa homa sijui nani amewaandikia.

Sasa pesa. Nauli ya daraja la chini ilipandishwa Januari 2024 toka shilingi 1,000 mpaka 1,500, na mtoto hulipa nusu. Kwa mtu wa mshahara wetu hilo si jambo dogo. Tena stesheni zote mbili, Syokimau na Miritini, ziko mbali na mji, kwa hiyo wekeni kando nauli ya matatu, msije mkakwama na mizigo kama mimi. Fikeni saa nzima kabla, kwa kuwa mizigo hukaguliwa, na kipande chako usikisahau.

Wakati shule zimefungwa tikiti huisha upesi. Anayetaka kwenda Agosti aanze kuweka akiba mwezi huu. Mweka hazina amekubali kushika daftari, na mimi nimekwisha andikisha majina manne, la yule mdogo likiwa la kwanza.