Jessica, Mgeni Mjini Kwao

Leo tunafungua Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikatoka 1969. Sisi wa Tabora tuna haki ya kukiita kitabu cha nyumbani: Mwalimu alisoma hapa kuanzia 1937, kisha akarudi kufundisha St. Mary's. Wengi humkumbuka Shylock, mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mdaiwa wake. Mimi leo namtaka binti yake, Jessica.

Jessica ni Myahudi wa Venisi, mji ambao tangu 1516 uliwatenga Wayahudi katika mtaa wao, malango yakifungwa usiku. Anampenda Lorenzo, Mkristo. Usiku mmoja anavaa nguo za kiume, anamrushia Lorenzo kasha la mali ya baba yake kutoka dirishani, kisha anatoroka. Kasha la nini kwa mtu anayefuata mapenzi? Naona ni kwa sababu huko aendako hana mjomba wa kumsemea wala shangazi wa kumpokea. Dhahabu ile ndiyo ukoo wake.

Sasa mtazame Karunde wa hapa Unyanyembe, binti wa Mtemi Fundikira, karne ya 19. Aliolewa na Muhammed bin Juma, mfanyabiashara wa misafara, baba yake Tippu Tip. Dini na mila zilitofautiana hapo pia, lakini mgeni alikuwa mume. Heshima aliipata kwa mkwewe. Karunde alikuwa kwao, na watu wake walikuwa nyuma yake.

Jessica hana watu. Anafika Belmont, nyumbani kwa Portia, na Gratiano, rafiki wa Lorenzo, anamtaja kwanza kama kafiri wa Lorenzo, ndipo anamwambia Nerissa, msaidizi wa Portia, amkaribishe yule mgeni. Hata Launcelot, aliyekuwa mtumishi wa baba yake, anamtania kwamba Wayahudi wakiendelea kuwa Wakristo, bei ya nguruwe itapanda. Utani huo unauma. Mwanamke amekwishaacha dini, baba na nyumba, na bado anapimwa kwa damu ya babaye.

Mwishoni Nerissa anawakabidhi yeye na Lorenzo hati ya urithi wa Shylock, mzee aliyelazimishwa mahakamani kuwa Mkristo. Lorenzo anashukuru. Jessica yupo pale pale, na Shakespeare hampi hata neno moja. Walimu mnaotusikiliza, wapeni wanafunzi swali hili: angekuwa na ndugu zake pale Belmont, Jessica angesema nini?